Ufito Uliokataa Kuvunjika

Jumatatu, 14 Julai
Ufito umevunjika. Wa tatu tangu Ijumaa! Kipande cha mbao tu, kazi yake kusukuma visu vya mashine ya kukatia nyasi. Kikikatika, trekta inanguruma bure. Redio inasema jua hadi Alhamisi, kisha mvua. Nyasi zisipokauka kwenye waya tunazozianikia, kondoo kumi na wanne watakula nini wakati wa theluji? Mume wangu Eivind yuko kwenye mtambo wa mafuta baharini, wiki mbili. Mtoto mdogo anaota meno. Dada yake Tiril, miaka minne, ameuliza kama trekta inaumwa. Nimemwambia ndiyo, na avae viatu.

Jirani yetu Oddveig alipaza sauti kutoka uani kwake: aje na watu wake, nusu siku tu kazi imekwisha. Nikajibu asante, tunakaribia kumaliza. Uongo mtupu. Huyu ndiye aliyesema dukani kwamba shamba letu litaishia kuwa nyumba ya likizo ya watu wa Oslo. Akinisaidia leo, nitasikia habari yake hadi Krismasi.

Jumanne, 15 Julai
Baba mkwe, mzee Ingebrikt, kashuka na mkongojo wake. Kasema: "Mwanangu, ufito hauna kosa. Upau wa visu umekaa upande, ncha ya nje imerudi nyuma. Vuta uzi upime." Kuunyoosha kunataka watu wawili wenye nguvu. Mwenye nguvu hapa ni Oddveig. Nikasema nitapima.

Sikupima. Nina mpango bora! Darini kuna mbao za mzee za kutelezea thelujini, zile alizoshindia kikombe mwaka 1961. Ngumu, ndefu, hazina kazi. Nimekata moja. Mungu anisamehe. Mizunguko miwili, safi kabisa. Wa tatu, kwaa! Vipande viwili.

Jumatano, 16 Julai
Nimekata na ya pili. Imedumu hadi saa nne asubuhi tu.

Mzee ameokota kipande shambani. Kakigeuza, kakitazama, kakitia mfukoni. Angenitukana ningepumua. Nikampikia uji wa malai, siagi tele. Amekula wote, kisha akauliza: "Ulipima?" Nikasema nilipima.

Alhamisi, 17 Julai
Akili! Mbao inavunjika kwa sababu ni mbao. Nimekata nondo ya geti la zamani, nikatoboa matundu, nikaifunga. Mstari mmoja. Miwili. Mitano! Tiril akapiga makofi dirishani. Oddveig akaacha kuanika nyasi zake, akasimama kutazama. Nikampungia mkono kama malkia.

Kisha mlio, kama kabati la vyombo limeanguka. Ufito mzima, haujapinda hata kidogo. Kilichopasuka ni sanduku la gia. Mafuta meusi juu ya nyasi.

Mzee akaja kutazama. Hakugomba. Kasema ufito ule uliwekwa wa mbao makusudi, uvunjike wenyewe, kitu kikubwa kipone.

Ijumaa, 18 Julai
Mvua. Zilizokatwa zinaoza. Zilizosimama zimelala.

Jumatano, 17 Septemba
Kondoo walishuka mlimani jana. Wanene, wazuri, macho maangavu. Chakula kilichomo ghalani ni cha saba.

Oddveig kaja mapema, kabla ya lori la machinjio. Ana nyasi za ziada, nichukue bure. "Acha ukaidi, we mama! Hawa wanyama wamekukosea nini?" Nikamwambia asante, tunazo za kutosha, tumeamua tu kupunguza kundi. Akatazama waya zangu tupu. Akaondoka.

Lori likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wakapanda saba. Wa sita alikuwa Dokka, aliyekulia jikoni kwetu, Tiril akimnywesha kwa chupa. Tiril akauliza anapelekwa wapi. Nikapiga magoti nikamwambia ukweli, wote, kwa maneno madogo. Alinipiga ngumi kifuani. Nilimwachia apige, kisha nikamshika mpaka akalala. Shati langu bado limelowa.

Eivind kapiga simu. Kapata sanduku la gia lililokwisha tumika, Jumamosi litafungwa. Akauliza, kwa upole, kama kwanza tumwite Oddveig tunyooshe upau. Nikamwambia hakuna haja, tatizo nimeshalijua. Ile nondo ilikuwa nyembamba. Nimeona nyingine, nene mara mbili.