Gari la Bibi Harusi Limeinua Pua

Jumatatu, 3 Agosti

Springi nimezipata! Mungu ni mwema. Springi mbili za mbele, shokapu mbili, mikono ya chini inayoshika magurudumu, ya kulia na kushoto, na bushi zake za mpira. Zote zimetoka kwenye gari la aina moja na letu, lililokuwa limelala kwa muuza vyuma chakavu. Nimezitia guniani na kuzipitisha mlango wa nyuma ili mke wangu asizione. Ameziona.

Harusi ya binti yetu ni Jumamosi. Tangu yuko darasa la pili anasema atakwenda kanisani kuolewa kwa gari hili hili, dogo, la bluu, la marehemu baba yangu, ambalo nimelizidi umri miaka minne tu. Ubovu uko mbele. Likipanda tuta linalia kama kitanda cha hospitali, na kila gurudumu lina mawazo yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea gari lake jipya, jeupe, lenye kiyoyozi. Amelitaja mbele ya kamati nzima ya harusi, kwa upole kabisa. Upole ule ndio ulioniuma. Nikasimama nikatangaza kwamba gari la babu yake bibi harusi litakuwa barabarani Ijumaa, na nitalitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe. Mwenyekiti akasema tuombe.

Jumanne, 4 Agosti

Nimechukua likizo kazini, stoo ya shule. Bolti ya kwanza imenila kuanzia sala ya asubuhi hadi saa saba mchana. Kutu! Nimeimwagia mafuta, nimeigonga nyundo, nimeiombea. Ilipolegea nikaenda chali, na kopo la grisi likanifuata.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. Ni fundi mstaafu wa gereji, tunamwita Fundi Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Akanionya kwamba springi iliyobanwa vibaya inaua mtu, akabaki hapo hapo hadi nilipozitoa za zamani salama. Kisha akasema bushi nisizikaze gurudumu likiwa linaning'inia. Nivishe bolti kwa vidole tu, nishushe gari likanyage chini kwa uzito wake, ndipo nikaze. Akarudia mara tatu. Nikamshukuru. Moyoni nikasema, huyu anatafuta pa kuingilia ili Jumamosi aseme gari katengeneza yeye. Mungu anisamehe, lakini namjua.

Jumatano, 5 Agosti

Vyote vimeingia! Na nimegundua jambo. Gari likiwa juu ya jeki, bolti unaiona, unaifikia, unakaa kama binadamu. Likiwa chini unatambaa kama kenge. Nimezikaza zote likiwa juu, mpaka mishipa ya shingo ikanitoka.

Nikashusha jeki. Magurudumu yakagusa chini, pua ikabaki juu. Gari zima linatazama mbinguni. Mke wangu akatoka, akalizunguka, akauliza kama linataka kupiga chafya.

Fundi Kimya akaja mbio na ndara mguu mmoja. Akasema mpira umebanwa ukiwa umejipinda, sasa unasukuma gari juu, na ukilazimishwa utachanika. Nilegeze bolti zote nikaze upya likiwa chini. Ni kazi ya saa moja tu, na atanisaidia. Nikamjibu kwamba springi ngeni zote huanza hivyo, zitazoea. Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa aliyekataa dawa.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimepata wazo motomoto wakati wa sala. Uzito! Jioni kwaya ilipomaliza mazoezi nikawaalika kwangu akina mama sita wa sauti ya pili. Nikawaambia wakae kwenye boneti tupige picha ya kumbukumbu. Wakakaa. Pua ikashuka! Nikapiga vigelegele peke yangu. Wakashuka, pua ikapanda, na boneti ikabaki na bonde unaloweza kuogeshea kuku. Kiongozi wao akauliza mpiga picha yuko wapi. Sikuwa na mpiga picha. Simu yangu haina kamera. Nimesema uongo kwa wanakwaya, Ee Mola.

Binti akafika wakiwa wanaondoka. Akaliangalia gari. Akasema, "Baba, niambie kweli. Litafika?"

Nikamwambia litafika.

Akauliza amwambie mjomba wake asijisumbue?

Nikasema mwambie apumzike, mwanangu.

Sijala.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimelibebesha pua mifuko minne ya mchanga tangu alfajiri. Saa tisa ukasikika mlio: twaa! Mpira wa kushoto umechanika. Kushoto kumeshuka vizuri sana. Kulia bado kuko juu. Gari limeinua unyusi mmoja.

Fundi Kimya kaja, kaona, hakusema neno. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa. Nimeogopa.

Nimelijaribu hadi kona na kurudi. Linavuta kushoto, lakini usukani ukiuzungusha kulia mpaka kiwiko kigonge mlango, linanyooka. Nimempigia binti. Nimesema liko tayari.

Jumamosi, 8 Agosti

Tuta la nne. Mkono wa chini wa kushoto ukachomoka, gurudumu likajikunja chini ya gari kama mguu wa kuku aliyelala. Bibi harusi hakupiga kelele. Alivua viatu tu, akavishika mkononi.

Shemeji akatokea nyuma yetu. Kumbe alikuwa anatufuata kwa mbali tangu nyumbani. Ndani yuko mke wangu, mashangazi wawili na keki. Imebaki nafasi moja. Binti akasema haondoki bila mimi. Nikamsukuma ndani, nikafunga mlango, nikageuka nisionekane uso. Nikatambaa chini ya gari kujaribu kulinyoosha gurudumu, nikaambulia grisi tu, nikaliacha pale pale na maua yake.

Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Nikachelewa dakika arobaini. Njiani nilikuwa nawaona akilini wakiingia, Shemeji mbele, kamshika mkono mwanangu. Niliona hata suti yake.

Nilipofika, binti alikuwa amesimama nje ya mlango, juani, na shela lake. Mchungaji alikuwa ametuma mtu mara mbili. Shemeji alikuwa ametoa mkono wake, akajibiwa, "Asante mjomba, baba yuko njiani."

Nilikuwa na grisi hadi masikioni. Akanishika hivyo hivyo. Glavu yake nyeupe ikabaki na vidole vyangu vitano vyeusi. Nililia kutoka mlangoni hadi madhabahuni, na wanakwaya wakaanza kuimba kabla ya wakati ili kunifunika.

Jumapili, 9 Agosti

Nimetubu. Nimejichunguza sana, bila kujipendelea, na nimeliona kosa. Akina mama wa kwaya walikaa wakiegemea kushoto.

Halafu jana Shemeji alipoturudisha nyumbani, nilisikia kitu. Kwenye tuta. Mlio mdogo, mbele kulia. Nikamwambia. Akasema hausikii. Mke wangu akasema hata yeye hausikii, na kwamba nitazame nje ya dirisha. Wasingeusikia, hawana sikio la kazi. Ile ni bushi, naapa.

Kesho Shemeji anasafiri wiki nzima. Gari ameliacha hapa uani, funguo kampa dada yake, naye kaziweka kabatini chini ya mashuka.

Nimemwahidi Mungu kwamba safari hii sitamdanganya mtu. Sitamwambia mtu chochote.