Jogoo wa Wakwe

Alhamisi, 11 Julai 2024
Nimeanza daftari hili kwa ajili ya hasira. Nimesoma mtandaoni kwamba mcheza karata akiandamwa na mkosi avute pumzi mara kumi, aandike, akumbuke kuwa bahati huja na kuondoka. Nimevuta. Nimepata kizunguzungu.
Leo Budeba, mtani wangu Msukuma, kanifunga sitini na moja kwa hamsini na tisa. Nami nilikuwa na ree na saba ya turufu, karata mbili kubwa kuliko zote! Kauliza kama sisi watu wa Kilosa karata huwa tunazicheza au tunajipepea nazo. Kisha kaondoka na jogoo wangu. Si wangu sana. Agatha alimfuga kwa ajili ya wakwe wanaokuja Jumapili kutoka Mamboya kupanga mahari ya binti yetu Devota. Nimemwambia mke wangu kicheche kapita.

Ijumaa, 12 Julai
Mbinu: mkosi una kiasi chake, niumalizie kwenye michezo ya bure. Nimeshinda kwa Hussein kinyozi tangu asubuhi, baiskeli za wateja zikinisubiri kibandani. Nimemfunga mara tisa mfululizo. Tisa, bila dau. Kauliza mbona nafunga huku nimenuna kama mfiwa. Bahati yote nimeimwaga kinyozini.

Jumamosi, 13 Julai
Nimemfuata Budeba. Pampu yangu ya baiskeli dhidi ya jogoo. Pampu imekwenda.
Agatha kasema Kimamba nzima inamjua kicheche huyo, anaishi nyuma ya stesheni na anacheza karata. Kisha kaendelea kupepeta mchele. Bora angefoka.

Jumapili, 14 Julai
Budeba kaja asubuhi na jogoo mkononi. Kasema mtani humwaibisha mtani, hamlazi mkwe njaa. Sharti moja: nimnawishe mikono mbele ya wageni. Nimemnawisha. Mzee Anselmi, baba wa bwana harusi, kacheka hadi kapaliwa, na mahari tukapatana upesi: mbuzi watano. Agatha kanitazama kwa upole, mara ya kwanza tangu Alhamisi.
Baada ya chakula mzee Anselmi kasema naye hucheza kidogo, kupoteza muda tu. Nikavuta pumzi kumi. Nikatazama karata zangu: turufu tupu. Nikapendekeza mbuzi wa sita. Akasema sawa, ila nikifungwa wawe wanne.
Ni wanne. Agatha yuko jikoni anaimba, hajaambiwa. Lakini harusi ni Septemba, na mkosi gani unaodumu miezi miwili? Jumatano nakwenda Mamboya kumsalimia mkwe.