Unga wa Figo na Sindano ya Filipo

Jumatatu, 5 Agosti 1912. Dodoma.

"Dawa hii hainyweki. Ukiimeza, tumbo linaivunja kabla haijafika kwenye damu. Ni ya sindano tu." Ndivyo alivyotamka Filipo, mfungaji vidonda wa chumba cha dawa cha reli, leo asubuhi, mbele ya mke wangu na watu kumi na mmoja waliokuwa wakingoja zamu.

Uongo mtupu! Tumbo langu linapeleka uji mpaka kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, na halijawahi kupoteza njia. Leo lishindwe na tone la dawa? Filipo amesoma misheni miaka minne. Mimi, Athuman bin Bashiri, karani wa mizigo, nina miaka arobaini na saba, nasoma Kijerumani na Kiarabu na kila karatasi inayofungiwa sabuni. Barua zangu tatu zimetoka katika gazeti la Tanga. Ya nne waliirudisha. Waoga.

Kisa chenyewe ni pumu ya Mwamvua, mke wangu. Upepo wa Agosti ukianza kubeba vumbi jekundu, kifua chake kinapiga mluzi. Mwaka jana kidogo tumzike. Sasa daktari Mjerumani, kabla ya kwenda safari Kilimatinde, amemwachia Filipo kasha la vichupa vya dawa mpya, adrenalini. Filipo anasema mluzi ukianza tu, mama aletwe achomwe. Mwamvua akaitikia kwa kichwa. Mbele yangu!

Nikasema mke wangu hatatobolewa kama gunia la ufuta linalokaguliwa. Nikasema nitaitengeneza dawa hiyo mwenyewe, ya kunywa. Watu kumi na mmoja wakacheka. Nimewaandika wote majina.

Jumanne, 6 Agosti.

Daktari ameacha kijitabu cha dawa hiyo katika mizigo yake, na mizigo yake iko chini ya ulinzi wangu. Nimekilinda kwa kukisoma.

Maajabu. Juu ya kila figo mtu ana tezi ndogo, imekaa kama kofia. Na mwilini mna mishipa ya fahamu isiyongoja amri ya mwenyewe, imetandazwa kama waya wa simu kando ya reli. Ukikutana na simba, hiyo ndiyo inayopiga simu. Moyo uende mbio! Mboni za macho zipanuke! Damu itoke tumboni na kwenye ngozi, iende miguuni! Mirija ya pumzi ifunguke! Tezi nayo inamwaga maji yake kwenye damu, kila kituo kikapata habari kwa pamoja. Dawa ni maji hayo hayo. Haihitaji waya. Inakwenda pale waya unapoishia na kugonga kengele yenyewe.

Hutolewa katika tezi za ng'ombe, kinasema kijitabu. Ng'ombe! Huku Ugogo! Tumezungukwa na dawa yenye pembe.

Ukurasa wa matumizi sikuusoma. Aliyeelewa sababu hahitaji maelekezo.

Adhuhuri joto lilikuwa zito. Nililala kidogo juu ya mizani ya mizigo. Nikaota niko ndani ya kifua cha Mwamvua. Palikuwa stesheni ndogo yenye ukungu, milango yote imefungwa, na nje abiria wengi sana, weupe, wepesi, hawana hata kifurushi, wanangoja kuingia. Ni pumzi zake. Nilipapasa ukutani nikitafuta kengele, na ukuta ulikuwa laini na wa moto kama shavu. Nilipoamka mshale wa mizani ulikuwa umesimama kwenye ratili mia na tisini. Aibu.

Jioni nimepata sokoni figo mbili pamoja na mafuta yake. Nimezichana tezi na kuzianika juu ya paa la tembe letu. Mwamvua akauliza kinachonuka juu ni nini. Nikamjibu ni elimu. Akahamisha mkeka wake upande wa pili wa ua.

Alhamisi, 8 Agosti.

Jua la Dodoma limekausha kazi yangu kwa siku moja tu. Kunguru wamekula robo. Niliposaga, unga ukajaa kifuniko cha kichupa cha wino, basi. Nikalamba nusu yake asubuhi, kwa majaribio. Nikangoja.

Hakuna kitu. Wingu moja jembamba lilipita juu ya vilima. Nikalitazama mpaka likaisha. Moyo wangu ulikwenda polepole kama treni ya kokoto.

Nikatambua kasoro: unga ni mdogo, nahitaji figo zaidi. Na leo Mzee Matonya wa Miyuji alikuwa anachinja dume kwa ajili ya karamu. Yeye si Mwislamu, lakini ni mtu wa heshima. Akiwa na wageni Waislamu hunialika mimi nichinje, ili wote wale bila shaka moyoni. Yaani kisu ni changu. Nani atakuwa karibu na figo kuliko mwenye kisu?

Nilichinja vizuri. Nikajitolea na kupasua. Figo zikaingia mfuko wa ndani wa kanzu, za moto, nzito. Nikaketi na wazee nikisikiliza habari za mvua.

Sikujua desturi ya nyumba ile. Kwa Matonya, figo za dume la karamu ni haki ya mjomba wake, Mzee Sila. Hupewa yeye wa kwanza, huzichoma kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna anayegusa mnofu kabla hajameza. Mzee Sila alikuwa ameshawasha moto wake mdogo. Alikuwa na kijiti mkononi. Watu sitini wakamngojea. Nyama ikatafutwa. Ini lilikuwepo. Bandama ilikuwepo. Matonya akaninong'oneza akiuliza kama dume lile lilizaliwa bila figo. Nikamweleza kwamba jambo hilo si geni katika sayansi.

Ndipo Mzee Sila akanitazama tumboni.

"Karani," akasema, "kanzu yako inatoka damu. Umeumia, au nyama yangu inataka kurudi nyumbani?"

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka ua wa miiba ukipita chini yangu. Nyuma yangu mzee wa miaka sabini na fimbo yake, na nyuma yake karamu nzima. Midomo ilikauka. Moyo uligonga mpaka kwenye meno. Nywele za shingo zilisimama. Niliona kila jani, kila jiwe, likiwa na ukingo mkali wa mwanga, na dunia nzima ikawa kimya na polepole kama niko majini. Kutoka Miyuji mpaka stesheni sikupumzika hata mara moja, mimi ambaye ngazi tatu za ofisi hunitoa jasho!

Niliketi nyuma ya magunia, nikatetemeka kwa furaha. Moyo, midomo, macho, miguu, pumzi. Yote kama ilivyoandikwa. Unga unafanya kazi! Ulichelewa saa sita tu.

Filipo, umekwisha.

(Figo niliziangusha njiani. Kofia pia.)

Jumapili, 11 Agosti.

Naandika usiku.

Asubuhi upepo uliinuka toka upande wa Chamwino, na mji ukazama. Vumbi lilikuwa jekundu na tulivu, likishuka kama unga unaochekechwa na mtu asiye na haraka. Jua likawa sahani ya shaba. Ilipendeza kutazama. Kisha ndani ya nyumba nikasikia mluzi.

Mwamvua alikuwa ameketi, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Nilimkorogea unga wote uliobaki katika uji. Akaumeza kwa taabu, kijiko baada ya kijiko, kwa sababu nilimwomba. Nikamwambia angoje. Nikamweleza juu ya tezi, waya na kengele. Alinitazama kwa macho ya mtu aliye chini ya kisima.

Mluzi ukazidi. Halafu ukapungua, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana hata hewa ya kupiga mluzi haikuwepo. Midomo yake ikageuka rangi ya jivu.

Hapo mimi nikapatwa na jambo la ajabu. Moyo mbio. Kinywa kikavu. Mikono baridi, inatetemeka. Macho yanaona kila uzi wa mkeka. Na leo sikulamba hata chembe! Nadhani ule wa Alhamisi umebaki.

Anyesi, jirani yetu, mama wa Kigogo mwenye mabega ya mbeba reli, aliingia bila hodi. Nilianza kumweleza kwamba dawa ipo njiani. Mwamvua akainua kidole kuninyamazisha. Maneno aliyatoa moja moja, kila moja na pumzi yake.

"Athuman. Mimi nataka pumzi. Hoja zako kaa nazo."

Anyesi akambeba mgongoni. Nikawafuata katika vumbi, nikishika ncha ya kanga ya Mwamvua ili wasipotee. Au ili nisipotee mimi.

Filipo hakucheka. Ningependa acheke, ningejua la kumjibu. Alinisalimu shikamoo, akavunja kichupa, akavuta maji yake, akamchoma Mwamvua chini ya ngozi ya mkono. Kisha akashika kifundo cha mkono wake na kuhesabu mapigo. Mwamvua alianza kutetemeka. Akasema moyo unamkimbia. Mboni zake zikawa kubwa, nyeusi. Filipo akamtuliza, akasema hiyo ndiyo dawa inafika, inagonga huku na huku, haichagui, lakini mirija ya kifua inafunguka pamoja na hayo.

Muda wa birika dogo kuchemka, hauzidi. Mluzi ulirudi, ukawa mwembamba, ukafa. Mke wangu akavuta pumzi moja ndefu mpaka nikaona ubavu mzima ukiinuka. Akalia kidogo. Mimi nilitoka nje kuangalia hali ya hewa.

Filipo alimfuata Anyesi mlangoni na kumwambia, si mimi, Anyesi, kwamba nguvu ya dawa hii huisha upesi, mama akae hapo mpaka alasiri. Na siku nyingine mluzi wa kwanza ndio saa ya kuja. Wakakubaliana wao watatu. Mluzi ukisikika, Anyesi atambeba, karani awepo asiwepo, awe anasema au amenyamaza. Mwamvua akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu, 12 Agosti.

Amelala kwenye kivuli cha ukuta, anapumua kama mtoto. Nimekaa karibu naye tangu alfajiri kusikiliza. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho, na simwambii mtu.

Sasa hoja. Nimefikiri kwa utulivu, bila chuki. Mwamvua alikunywa unga wangu saa mbili. Alichomwa saa tatu na nusu. Akapona. Unga, kama tulivyoona Miyuji, huchelewa. Basi nani alimponya? Ni unga! Ulikuwa tumboni, umekwisha kuanza safari, na sindano ya Filipo ilikuja kusimama mbele ya treni iliyokuwa ikiingia stesheni na kudai imeivuta. Kosa langu lilikuwa moja tu: kipimo kidogo. Safari hii vifuniko vinne.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi, wachinjaji wote wa Dodoma, kuanzia sokoni mpaka Chang'ombe, na barua hii nitaibandika kesho mlangoni pa machinjio. Acheni kuwatupia mbwa dawa! Kila figo itolewe na mafuta yake, isikatwe wala kuoshwa, iletwe kwangu stesheni, kwenye mizani, kabla ya adhuhuri. Nyumbani msilete. Mke wangu anapumua vizuri, na sitaki asumbuliwe.