Mitandao Mitatu na Goti la Peniel

Jumatatu, 1 Desemba 2008

Leo nimetangaza vita. Mahali: mashine ya kusaga ya Peniel, mbele ya foleni ya akina mama na jirani yangu Alphonce aliyefuata pumba. Adui: goti la Peniel.

Goti hilo liliumia mpirani mwaka themanini na saba, tulipocheza na timu ya kijiji cha Puma. Tangu hapo linauma kabla ya mvua, na kijiji chetu kizima cha Sepuka hakipandi mpaka liume. Mwaka jana nilikataa kuongozwa na kiungo cha mtu. Nikasubiri redio. Nikavuna mabua. Peniel alinisalimia kwa upole msimu mzima, jambo ambalo sijamsamehe.

Mwaka huu ni sayansi. Nimewaambia kuna mitandao mitatu ya kompyuta inayotabiri hali ya hewa, inapatikana Singida mjini, nami nitaipima pamoja na goti, kwa maksi, kama mtihani wa taifa. Peniel akasema karibu sana. Alphonce akauliza kama goti nalo litavaa sare.

Tatizo ni Redempta, mke wangu. Ana sado mbili za mbegu bora ya alizeti, zimefungiwa stoo, ufunguo uko shingoni mwake. Aliuza mbuzi wake mweusi kuzipata, na hakuna nyingine mpaka mwakani. Amesema hatoi hata punje hadi aone ushahidi. Ushahidi atauona.

Jumanne, 2 Desemba

Mjini kwa basi la asubuhi. Binti wa intaneti kafe anaitwa Faith. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti kinachozunguka. Sepuka haimo kwenye kompyuta. Mtandao wa kwanza ulinishauri nichague mji fulani wa Brazili. Tukaweka Singida.

Nimenakili siku kumi kwenye daftari. Wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Wa tatu, nilipofika tarehe 10 umeme ukakatika. Faith akasema nisubiri jenereta. Basi halisubiri jenereta. Siku zilizobaki za mtandao wa tatu nimezijaza mwenyewe nikiwa garini, kwa kufuata mwelekeo wake. Jua, jua.

Alhamisi, 4 Desemba

Mitandao yote ilisema jua. Goti lilisema jua. Jua limewaka. Mitandao nimeipa kumi kwa kumi. Goti nimelipa tano: jibu sahihi, lakini halikuonyesha njia. Peniel akauliza njia ndiyo nini. Nikamwambia hapo ndipo tatizo lilipo.

Ijumaa, 5 Desemba

Mtandao wa pili: mvua. Nimekwenda mashineni na koti la mvua na mabuti ya mpira, ili ushindi unikute nimevaa. Jua kali ajabu. Kufika saa nane mabuti yalikuwa yamejaa jasho. Dorkas, anayeuza maandazi pale, amenipa pole akidhani nina homa. Peniel amekunja goti na kulikunjua mbele ya watu, akasema hamna kitu.

Jioni kondakta wa basi akaleta habari kwamba mjini imenyesha. Kwa hiyo mvua ilikuja! Kukosea kijiji si kukosea mvua. Kumi kwa kumi.

Jumamosi, 6 Desemba

Peniel hayupo, amekwenda mjini kununua mkanda wa mashine. Huenda kila Jumamosi. Sijui ni mashine gani hiyo inayokula mikanda. Nimetumia nafasi hiyo kuwahutubia wateja wake. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa amesinzia.

Jumapili, 7 Desemba

Peniel ameingia kanisani akichechemea. Minong'ono ikaanzia mabenchi ya nyuma. Kabla ya matangazo watu walikuwa wameshatoka kwenda kutafuta majembe. Ibada imemalizwa na watu kumi na mmoja, mimi nikiwemo kwa ubishi tu. Goti limesema Alhamisi.

Nyumbani nikafungua daftari. Jumanne tarehe 9: mtandao wa kwanza, mvua asilimia 40. Wa pili, 30. Wa tatu, 30. Nikajumlisha mara mbili. Mia! Mia kwa mia, tena siku mbili kabla ya goti.

Nikampelekea Redempta. Akauliza kama asilimia za namna hiyo hujumlishwa. Nikamwambia watu watatu wakibeba gogo, kila mmoja na sehemu yake, gogo linafika au halifiki? Akasema linafika kama wote wamebeba gogo moja. Halafu akauvua ufunguo. Sado moja, akasema. Nyingine inabaki kwangu.

Jumatatu, 8 Desemba

Tumeberega. Yaani unapanda kwenye vumbi bila kulima, mbegu inasubiri mvua huko huko chini. Ukipatia siku, unawatangulia wote. Ukikosea, unalisha ndege. Tumefukia eka nzima, mimi na Redempta, migongo haikunjuki. Alphonce alisimama njiani akauliza tunamzika nani. Kesho mbingu zitamjibu.

Jumanne, 9 Desemba

Saa nne: wingu. Saa sita: wingu limekwenda zake Itigi. Saa saba: njiwa. Nimewahesabu mpaka sitini nikaacha. Kware wakafuata. Walipita kwenye mistari yangu shimo kwa shimo kama wakaguzi wa shule. Redempta amewafukuza kwa mtandio mpaka jua linazama, bila kusema neno. Hilo ndilo limeniuma. Bora angenigombeza.

Alhamisi, 11 Desemba

Tangu jana kijiji chote kimo shambani. Redempta amebeba sado yake alfajiri, hakuniaga. Saa kumi jioni mvua imeshuka, si manyunyu, mvua yenyewe, mpaka bati likawa halisikilizani na mtu. Amerudi amelowa, anaimba. Goti nimelipa sita.

Jumatatu, 15 Desemba

Mjini, kulalamika. Faith akanisikiliza, akashangaa. Akasema kuna mzee mwenzangu wa Sepuka, anachechemea kidogo, huja kila Jumamosi. Anafungua mtandao wa tatu tu, ananakili kwenye kikaratasi, anaondoka. Jumamosi ya tarehe 6 mzee huyo alimsomea Faith kwa furaha: Alhamisi, mvua, asilimia tisini.

Nikafungua daftari. Mtandao wa tatu, Alhamisi: jua. Mwandiko wangu wa garini, unayumba.

Nimekaa kwenye kiti kile kinachozunguka nusu saa bila kuzunguka. Kisha nikanakili siku kumi mpya za mtandao wa kwanza na wa pili, nikaondoka.

Jumatano, 17 Desemba

Alizeti ya Redempta imeota, mistari imenyooka, hata Alphonce amesifu. Kwangu imeota miche saba. Mmoja ni wa boga.

Nimemfunulia Redempta siri yote ya Peniel. Nilitegemea atashika kichwa. Akasema basi mtandao wa tatu ni mzuri, twende tuwe tunausoma huo. Nikamweleza taratibu kwamba haiwezekani. Watahiniwa wawili wamefanana majibu, mmoja kakutwa na kikaratasi. Huo ni udanganyifu. Goti na mtandao wa tatu nimewafutia matokeo wote wawili. Redempta amenitazama kama vile ndiyo kwanza nimefika kuposa.

Amebakiza kibaba kimoja cha mbegu, cha kurudishia mapengo. Eka yangu ni pengo moja kubwa, kwa hiyo kibaba ni haki yangu. Siku nimeshaipata kwa watahiniwa halali. Jumatatu tarehe 22: mtandao wa kwanza 45, wa pili 55.

Nimejumlisha mara tatu. Jioni hii, kwa tahadhari tu, nimeanza kuchechemea mguu wa kushoto. Redempta ameuliza nimeumia wapi, na mkono wake ukaenda shingoni kushika ufunguo.