Amina Iliyochelewa

Jumatatu, 9 Septemba

Vita vimetangazwa! Mchungaji kasema kikaoni kwamba askofu anakuja Jumapili, na atasikiliza makundi yote mawili: kwaya yangu, na lile genge la shemeji la magitaa ya umeme. Wanaiita roki ya Injili. Mimi naiita kelele zilizobatizwa. Kundi litakaloinua watu vitini ndilo litakaloongoza ibada kuanzia hapo.

Kinanda ninachoipigia kwaya aliniachia marehemu baba. Nikikipoteza, mimi ni nani? Mke wangu, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya, kasema si mwisho wa dunia. Rahisi kwake. Ashinde kaka yake, ashinde mumewe, yeye atapiga vigelegele tu.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kupeleleza. Wanafanyia mazoezi katika karakana ya seremala, katikati ya maranda. Nikajifanya naulizia stuli. Mpiga ngoma akagonganisha vijiti, mabati yakatetemeka. Nikatega sikio kutafuta kufuru. Hakuna! Zaburi tupu, neno kwa neno, ila inakwenda mbio.

Mara mguu wangu wa kulia ukaanza kugonga sakafu. Wenyewe! Nikaukanyaga kwa wa kushoto. Shemeji akauliza kama nimebanwa na msuli. Nikasema ndiyo. Akanikalisha kwenye ubao, akanikanda mbele ya kundi zima huku akinipa pole. Aibu gani hii!

Alhamisi, 12 Septemba

Nimewanong'oneza wazee wa kanisa kwamba roki inawapasua moyo watu wa makamo. Wakauliza nani kadhurika. Ulimi hauna mfupa: nikamtaja mama mkwe.

Wazee wakaenda kumpa pole. Mama mkwe akawaambia hajaumwa hata mafua, lakini kama kuna muziki wa kumuua, bora ausikie kabla hajafa. Akafuatana nao hadi karakana. Amerudi anaomba kiti chake Jumapili kiwe jirani na spika. Mama mkwe simwezi!

Ijumaa, 13 Septemba

Nimepata! Kanisani kwetu wimbo wa sadaka huimbwa watu wote wakiwa wima, na haketi mtu mpaka kinanda kipige Amina. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za baba. Basi nikamwomba mchungaji, kwa sauti ya upole, kwamba kwaya iimbe wakati wa sadaka na vijana wafuate baadaye. Nikasema vijana ni wageni, na mgeni huachiwa nafasi nzuri, ya mwisho. Akanisifu kwa unyenyekevu wangu. Nilikaribia kuona haya.

Mke wangu alipopata habari akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu changu kina ngazi.

Jumapili, 15 Septemba



Kwaya iliimba vizuri kuliko siku zote. Watu wakasimama, safu kwa safu. Askofu akageuka kutazama. Nikajiambia subiri, atazame sawasawa. Nikaizuia Amina. Nikashikilia sauti moja, ndefu. Askofu bado anatazama. Nikazidi kushikilia, jasho linaingia machoni. Mpiga ngoma, maskini, akadhani namkaribisha. Akagonganisha vijiti.

Wakaingia! Kanisa zima wima, na roki ikawakuta hivyo hivyo. Nikapiga Amina. Haikusikika. Nikaipiga tena, kwa hasira, tena na tena, na kila mara ikaangukia mle mle kwenye mapigo yao, utadhani tumefanya mazoezi pamoja. Mama mkwe akainua mikono kando ya spika. Mke wangu akatoka kwenye safu ya kwaya, akaenda kuimba na kaka yake.

Na mimi, niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna asomaye: kwa ubeti mmoja nilifurahi mpaka machozi. Zaburi ile ile niliyofundishwa na baba, nikaisikia kama mpya. Kisha nikakumbuka kwamba nashindwa.

Askofu kasema hajapata kuona umoja kama ule. Kaamua vijana waongoze ibada, nami nihamie kwao pamoja na kinanda changu. Chini ya shemeji! Baba angesema nini?

Jumatatu, 16 Septemba

Wamekihamisha kinanda, kimekaa kati ya ngoma na gitaa la besi. Shemeji kaniletea zawadi: ile stuli niliyojifanya naulizia. Nilimshukuru, na kwa bahati mbaya nilimaanisha.

Mke wangu kaniuliza kama nimejifunza. Nikainamisha kichwa, nikasema sana. Akaridhika, akaniandalia chai.

Lakini nimewaza. Askofu hakuigusa desturi. Kinanda kikipiga Amina, watu huketi. Jana tatizo lilikuwa sauti ndogo. Nimeomba kinanda kiunganishwe kwenye spika kubwa, na shemeji kakubali kwa furaha, hata waya kanunua yeye. Jumapili ijayo, atakapofumba macho katikati ya gitaa lake, nitapiga Amina moja tu, nzito. Wataketi wote!

Kilichobaki ni mguu. Nitaufunga kwenye stuli.