Mzee Tajudin Hapigwi Picha

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimekuwa mpiga picha. Rasmi. Mpaka jana nilikuwa namkatia vitambaa dada yangu Olivia, ambaye anashona nguo hapa Katwe, Kampala. Asubuhi niliweka mkasi mezani nikamwambia kipaji changu kinaoza. Hakuinua kichwa. Aliuliza kama kipaji kinaweza kumalizia kwanza mikono ya gauni la mteja. Nikamalizia. Kisha nikaacha kazi.

Kamera ni ya mtumba, kutoka duka moja la Kisenyi. Ina mkwaruzo ubavuni lakini jicho ni zima. Nimejishonea pia kizibao chenye mifuko kumi na minne. Kumi na mitatu bado haina kitu.

Mpango: kuwapiga picha wenye maduka madogo, yale ambayo mtu mmoja ndiye mwenye mali, muuzaji na mfagiaji. Kisha maonyesho. Ukumbi sina, ila huo ni mpango wa wiki ijayo.

Nilipita mbele ya studio ya Shakib. Yeye hupiga picha za pasipoti na za harusi, na nyuma ya kiti chake kuna pazia lenye maporomoko ya maji. Alitazama kizibao changu, akasema mpiga picha ni macho, si mifuko. Wivu. Nauandika hapa ili historia iujue.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na jirani. Wandera, fundi wa masanduku ya bati, yale ya wanafunzi wa bweni. Nilimwambia afanye kazi kana kwamba sipo. Alitii kupita kiasi. Alinipita, akanikanyaga mara mbili, akaninyunyizia cheche. Nikarudi nyuma nipate karakana nzima. Nikarudi tena kidogo. Nikakaa.

Nilikuwa nimekalia sanduku lililotoka kupakwa rangi ya buluu.

Wandera hakukasirika. Alilizunguka sanduku polepole, akasema hakuna mzazi atakayempeleka mtoto shule na sanduku lenye makalio. Akanipa brashi. Nililipaka upya, pamoja na mengine matatu ambayo kosa lake lilikuwa kusimama karibu.

Picha ishirini na sita. Katika zote Wandera amefumba macho. Olivia anasema huenda alikuwa ananiombea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimegundua kasoro. Si mimi. Ni jina. Watu hawajipangi vizuri mbele ya Aristide wa Katwe. Kwa hiyo leo, Kisenyi, nilijitambulisha kama mpiga picha wa jarida kubwa la Ubelgiji. Muuza viungo alibadilisha shati. Muuza betri, Msomali mmoja mpole, aliniletea kiti na kuniuliza jarida linaitwaje. Nikataja jina refu la Kifaransa. Alifurahi sana. Alisema ameishi Brussels miaka tisa na hajawahi kulisikia, nimwandikie. Nikakumbuka nina mkutano.

Lakini habari zilishatembea. Dada mmoja, Rahima, alinifuata mpaka kona. Baba yake ni Mzee Tajudin, anayeuza kofia na kanzu, miaka arobaini na miwili katika duka lile lile. Magoti yamechoka. Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho, na kuanzia Jumatatu duka ni la Rahima. Anataka picha ya baba akiwa bado nyuma ya meza yake, aitundike ukutani.

Tatizo ni kwamba Mzee hapigwi picha. Anayo moja tu, ya kitambulisho, na mwenyewe husema humo anafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Shakib amejaribu mara tatu. Mara ya tatu alitolewa kwa ufagio.

Rahima alisema nikifaulu, ukuta wote wa kulia wa duka ni wa maonyesho yangu. Kisha sauti ikapungua. Alisema wanawe bado wadogo. Watakuja kumkumbuka babu wa kwenye mkeka, si mwenye duka.

Nilimwambia Ubelgiji haijawahi kushindwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya. Naandika haraka.

Mpango ulikuwa mzuri. Kamera ndani ya boksi la keki, tundu moja mbele, boksi kwapani, mimi mteja wa kawaida. Niliingia baada ya sala ya Ijumaa, nikasalimu vizuri, nikaomba kujaribu kofia. Mzee Tajudin ni mwembamba, mrefu, ana ndevu nyeupe zilizochanwa. Alinivisha kofia mwenyewe. Nikaweka boksi mezani, tundu likimwelekea.

Aliuliza nimebeba nini. Nikasema keki. Alifurahi. Akasema basi mgeni amekuja na baraka, akaita chai, akavuta boksi kwake. Niliposema keki ni ya mgonjwa, alikuwa ameshainama na kuchungulia tundu.

Alikaa hivyo kwa muda.

"Kijana," alisema, "keki yako ina jicho."

Nilichukua boksi nikatoka kwa mwendo ambao mtu mwenye chuki angeuita mbio. Nilifika mpaka stendi ya teksi ndipo mwanamke mmoja akaisifu kofia yangu.

Kofia yake. Nimemwibia Mzee Tajudin.

Olivia amesikiliza yote, sindano mdomoni. Alisema nirudishe asubuhi na mapema, na nirudi na jina langu mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilifika duka likifunguliwa. Mzee alikuwa peke yake, anapanga kofia kwenye rafu kana kwamba na Jumatatu atakuwapo. Niliweka ile yake mezani na kuanza hotuba. Aliinua mkono. Alisema alijua ningerudi, kwa sababu kofia ile ni ndogo kwangu, na hata mwizi huiba saizi yake. Akanimiminia chai ya tangawizi. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Swali hilo sikuwa nimeliandalia mpango. Nikasema kweli. Mtoto wa Mushagalusa, wa Bukavu. Mwaka wa nane Kampala. Jarida hakuna. Aliniuliza mama yangu alikuwa na sura gani. Nikafungua kinywa kueleza, nikakuta nina kitenge chake, na sauti yake, na mikono ikichambua maharage. Uso umeanza kunipotea. Picha zetu zote zilibaki katika nyumba tuliyoikimbia.

Mzee aliniongezea chai. Kisha akauliza kama ni Rahima aliyenituma. Nikasema ndiye.

"Miaka yote hii ananiletea watu wa kunivizia," alisema. "Mmoja nyuma ya kanzu, mmoja mlangoni, wewe ndani ya keki. Hakuna hata mmoja aliyeniomba."

"Mzee, naomba nikupige picha," nikasema.

"Wewe kwanza."

Alitaka kujua upande ule mwingine unaonekanaje. Akanivisha tena kofia ndogo, akachukua kamera, akanielekeza nikae. Nikaukaza uso, uso wa msanii. Mzee alichungulia. Mabega yakaanza kutikisika. Akashika rafu, rafu ikayumba, kofia zikamwagika mezani na sakafuni, naye anacheka tu, machozi yanaingia ndevuni. Alisema sasa ameelewa kwa nini Shakib haachi kazi hii. Akanirudishia kamera, akaketi nyuma ya meza katikati ya kofia zake, akasema haya.

Nikabonyeza. Kamera ikasema haina kadi.

Kadi ilikuwa kwenye kompyuta ya Olivia, pamoja na Wandera aliyefumba macho.

Rahima aliingia wakati huo. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akaelewa, akatoka mbio. Alirudi na Shakib anahema. Nilisubiri maneno yake kuhusu mifuko. Hakuyasema. Alinipa kadi yake, akasukuma mlango wazi kabisa mpaka mwanga ukafika mezani, akaninong'oneza nisiguse kitu mpaka Mzee acheke tena.

Mzee alimwona. Akamuuliza kama amefuata ufagio wake.

Nikabonyeza.

Katika picha ameinua mkono mmoja, macho wazi, mdomo wazi, kofia zimetapakaa mbele yake kama mavuno. Rahima alitazama kioo cha kamera, akaziba mdomo kwa mtandio, akampelekea baba yake. Mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu," alisema mwishowe, "hatafutwi na polisi."

Kisha akataka ya pili, akiwa na binti yake. Halafu ya tatu, na muuza betri wa jirani, ambaye aliniuliza habari za Brussels. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimepiga nusu ya mtaa.

Jumatatu, 11 Agosti

Picha iko ukutani. Rahima aliitundika mwenyewe, juu ya ngazi, na Mzee kwenye kiti cha mteja akimwambia upande wa kushoto umeshuka. Haukuwa umeshuka. Watu wanaingia kununua kanzu, wanasimama, wanaanza kutabasamu bila kujua sababu. Mama mmoja alisema nusura amwitikie salamu. Sehemu iliyobaki ya ukuta ni yangu. Shakib amesema mwanga ule ni mzuri. Nilimwambia nilikuwa nimeupangilia.

Nimeuchambua ushindi huu kwa makini. Umetokana na maandalizi.

Kwa hiyo naendelea. Kesho Kasubi. Kuna mama anaitwa Nafuna, anauza vitambaa vya magome ya mti kwenye kibanda cha mbao, na inasemekana hapendi wapiga picha. Nitajitambulisha kama bwana harusi kutoka Kongo anayetafuta vazi la sherehe. Nina tai. Nimejizoeza uso wa mtu anayekaribia kuoa. Bibi arusi nitasema yuko saluni.

Olivia aliuliza kwa nini nisimwombe tu.

Nilimweleza kwa upole kwamba katika kazi hii mambo hayaendi hivyo.