Malalamiko Dhidi ya Mkasi wa Wifi

Kwa Wifi yangu, mke wa kaka na fundi cherehani unayeheshimika,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkasi wako. Mimi si mzima sana. Kwa kuwa nimestaafu ukarani wa mahakama, nimeyapanga mashtaka yangu kwa namba ili usije ukasema hukuelewa. Yanahusu majerani yangu, yale maua mekundu ya barazani yenye pete ya kahawia kwenye majani.

1. Kila ulipokuja kunitembelea, nikienda tu jikoni kuchemsha chai, ulitoka barazani ukakata ncha za maua yangu. Nikirudi nakukuta kitini, umetulia kama maji ya mtungini, na mkoba unanukia majani. Nilinyamaza kwa heshima ya kaka.

2. Hizo ncha hukuzionea hata huruma. Nasikia unaziacha kivulini mpaka kidonda kikauke, kisha unazichomeka mchangani kwenye makopo ya rangi, na maji unazipa kiduchu. Mimi yangu nayamwagilia asubuhi na jioni, nayaimbia, na bado yananitolea majani ya njano. Yako, naambiwa, yamechanua mpaka wapita njia wanasimama. Haki iko wapi?

3. Kwa kuwa yamezaliwa na yangu, maua hayo ni wajukuu zangu. Nataka niletewe kila Jumapili, majani yakiwa yameoshwa, yaniamkie.

4. Umeniharibia kaka. Mtu aliyekuwa hajui ua wala ukoka, juzi kasimama barazani kwangu ananifundisha kwamba nayalewesha maji. Ama umrudishe alivyokuwa, ama ukae naye hukohuko.

5. Hili ndilo linaloniuma hasa. Siku ile niliposema mbele ya wageni kwamba baraza langu sasa linahitaji mlinzi, ulichukua mkoba ukaondoka, na hujakanyaga hapa tena. Wifi, aliyeibiwa ni mimi. Kununa ilikuwa haki yangu, na hiyo nayo umeichukua.

Kwa hiyo naomba makopo yote yarudishwe pamoja na mchanga wake, na usiguse baraza langu bila kibali cha maandishi.

Nisalimie kaka, watoto, mama yetu ambaye najua yuko upande wako, na yule paka anayelalia makopo.

Ni mimi mwenye uchungu,
Wifi yako

Tanbihi: Tangu uache kuja, majerani yamerefuka yakakonda, yanainamia njia utadhani yanakuchungulia, na hakuna hata moja lililotoa ua. Muuza miche ameyatazama akasema maua haya yasipokatwa ncha hayatoi matawi, na kwamba huyo aliyekuwa akiyakata ndiye aliyekuwa akiyafanya yachanue. Jumamosi nipo nyumbani. Njoo na mkasi. Chai nitaichelewesha jikoni makusudi.